Mzee wa spea za elektroniki karibu na Soko la Mbuyuni: anauliza kwanza, ndipo anauza

Nashona nguo hapa Moshi, kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya fremu ya duka. Hata saa sita mchana lazima niwashe taa ndipo nione tundu la sindano. Januari, sare za shule zikiwa zimerundikana, umeme ukikatika nusu siku mimi ndiye ninayesutwa na wazazi mlangoni. Nikanunua paneli ndogo ya sola na betri ya volti 12, nikataka taa nyeupe ndogo za LED nizifunge chini ya shingo ya cherehani, mwanga uangukie kwenye kitambaa bila kivuli cha mkono wangu.

Vifaa vya kwanza nilivinunua duka jingine mjini. Kijana wa pale alipiga hesabu harakaharaka: taa tatu zifuatane, kila moja inakula volti 3.2, jumla 9.6, betri ni 12, zinabaki 2.4, gawa kwa mkondo wa taa, ampia 0.02, unapata omu 120. Nikapewa rezista za 120, vile vijidude vya kuzuia mkondo usizidi. Usiku taa ziliwaka vizuri sana. Wiki ya pili nikaona mwanga umegeuka kibuluu, kisha taa zikaanza kufifia, na katikati ya moja palikuwa na doa jeusi. Sare nyeusi sikuweza tena kuishona usiku.

Jirani anayetengeneza redio ndiye aliyenielekeza kwa mzee huyu. Duka halina bango. Ukitoka sokoni Mbuyuni uliza duka la mzee mwenye makopo ya maziwa. Spea zake zote zimo kwenye makopo hayo, yamepangwa ukutani mpaka darini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Hiyo betri inachajiwa na nini?"

Hakuniuliza nataka kununua nini. Aliushika ule mstari wa taa zilizoungua, akaugeuza, akauliza kuhusu betri. Nilipomwambia sola, akauliza kama taa huwa zinawaka mchana. Nikamwambia ndiyo, chumba kina giza. Akachana kipande cha boksi akaniandikia hesabu upya, nami ninacho mpaka leo, nimekibandika ukutani.

Kosa, alisema, ni ile 12. Betri ya 12 ikijaa na kutulia inasoma kama 12.6, lakini jua likiwaka na kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya sola, ikiwa inachaji inafika 14.4. Toa 9.6, zinabaki 4.8. Ukizigawa kwa omu 120 unapata 0.04, yaani miliampia 40. Taa hizi ndogo za milimita 5 zinataka 20. Kwa hiyo kila mchana nilikuwa nazipitishia karibu mara mbili ya mkondo wake, na usiku, betri ikishuka, zinarudi kawaida nami naona kila kitu ni salama. Nilielewa palepale, maana zile wiki mbili nilishona mchana kutwa.

Basi yeye alihesabu kwa ile kubwa: 4.8 gawa kwa 0.02 ni 240. Ya 240 hakuwa nayo. Alikuwa na 220 na 270. Akanipa 270, akasema ukikosa namba kamili panda, usishuke. Kwa 270 mchana unapita mkondo wa karibu miliampia 18, usiku kama 11. Kwa macho yangu tofauti hiyo ni ndogo, na weusi wa suruali nauona vizuri.

Nilitaka kuokoa hela: taa 12, minyororo minne, kwa nini tusiweke rezista moja kwa yote? Alikataa. Taa hazifanani kabisa hata zikitoka pakiti moja. Mnyororo unaokula volti kidogo utavuta mkondo zaidi, utapata joto, na ukipata joto utavuta zaidi tena, mpaka ufe na kuwaachia mzigo wale wengine. Kila mnyororo na rezista yake. Rezista moja kwake ni shilingi 100, kwa hiyo niliongeza 300 tu.

Kilichonifanya niandike haya ni namna alivyonihesabia rezista. Ya 270 ina mistari ya nyekundu, zambarau, kahawia, na dhahabu mwishoni. Chini ya balbu yake ya njano, kahawia na rangi ya chungwa zinakaribiana sana, na mstari wa tatu ukiwa wa chungwa ni omu 27,000, taa haitatoa mwanga wa kushonea. Hakutegemea macho. Alizishika moja moja kwa testa ya kupima omu, akanisomea: 268, 271, 269, 271. Kisha akazifunga kwenye karatasi na kuandika "270" juu yake. Nimenunua vitu vingi mjini hapa, sijawahi kupimiwa kitu cha shilingi 100 kwa heshima hiyo.

Nilichukua pia taa moja nyekundu ya kunionyesha kwamba swichi imewashwa. Nikadhani itatumia 270 hiyohiyo. Akanieleza kuwa taa nyeupe kwa ndani ni ya bluu iliyopakwa unga unaobadilisha mwanga, ndiyo maana inataka volti tatu na ushee. Nyekundu inakula kama 2 tu. Ikiwa peke yake kwenye 14.4, zinabaki 12.4 zote juu ya rezista. Akanipa ya 1,000: mkondo unakuwa kama miliampia 12, unatosha kabisa kwa taa ya kuonyesha, na rezista ya robo wati haipati joto la kutisha.

Upungufu upo. Hatoi risiti, na mwenye kununua kwa ajili ya ofisi atapata shida. Foleni haisogei, kwa sababu kila mteja anahojiwa kama nilivyohojiwa mimi. Ukiwa na haraka utakasirika. Taa zenye mwanga mkubwa za wati moja hana. Jumapili amefunga, na siku nyingine saa tisa alasiri ameshaondoka, kwa hiyo nenda asubuhi.

Taa zangu zina miezi mitano sasa. Mchana jua likiwa kali huwa nazigusa rezista kwa kidole: zina uvuguvugu tu. Ukienda kwake, kwanza pima betri yako saa sita mchana ikiwa inachajiwa, uandike namba uliyoiona. Maswali yake yanaanzia kwenye betri.