Moshi wa pamba na mishumaa ya betri kwa meza ya vita: uzoefu wangu

Hapa Kampala kundi letu linacheza mezani vita vya Lukaya, vile vya Machi 1979 kati ya Tanzania na jeshi la Idi Amin kwenye barabara ya Masaka, kwa vifaru na askari vya kuchezea vya kipimo cha milimita 15, yaani askari ana urefu wa kama milimita 15. Zamani kifaru kikipigwa tulikilaza ubavu tu, basi. Sasa tunakiwekea mshumaa mdogo wa betri, ule unaochezacheza kama moto wa kweli, uliofunikwa pamba ya duka la dawa. Sijanunua kitu cha bei ndogo hivi kilichoibadilisha meza yetu kiasi hiki.

Kuutengeneza moshi huo wa pamba ni rahisi. Chambua pamba mpaka iwe nyepesi, ipandishe juu ya kipande cha waya mwembamba ili isianguke, kisha ipulizie spreyi ya nywele ya saluni ishike umbo. Ikikauka, puliza rangi nyeusi kutoka juu pekee. Chini iache nyeupe, maana hapo ndipo mwanga unapopenya na kuonekana rangi ya chungwa. Ukiipaka nyeusi yote, moto unakufa.

Pale Lukaya barabara inapita katikati ya kinamasi, na gari zito likitoka nje yake linazama. Ndiyo maana moshi kwetu si pambo: kifaru kinachoungua kinaziba njia na kuficha kilicho nyuma yake. Tumekubaliana kwamba upana wa kitako cha pamba ndio upana wa moshi, hata kama pamba imetanuka zaidi, na ubishi wa nani anamwona nani umeisha.

Kasoro ipo. Mchana wenye jua mwanga hauonekani, kwa hiyo tunafunga pazia au tunacheza jioni. Betri zake ni zile bapa za duara. Zifiche mbali na watoto, mtoto akimeza moja ni hatari kubwa.

Mafunjo nimeyatoa kwenye kamba ya katani: kata vipande vifupi, tumbukiza kwenye rangi ya kijani, chanua ncha. Yamependeza mno. Maji ya kinamasi kwa gundi nyeupe ya mbao siyapendekezi sana. Tabaka nene hubaki na ukungu ndani, na msimu wa mvua halikauki upesi. Vanishi isiyo na rangi, juu ya kadibodi iliyopakwa kahawia, inang'aa vizuri zaidi. Ila kama umejenga kwa stairofomu, ifunike kwanza kwa gundi hiyo, kwa sababu vanishi za mafuta na rangi za kupuliza huweza kuiyeyusha.

Jambo la mwisho: usiugandishe mshumaa kwa gundi. Swichi iko chini yake. Gandisha pamba kwenye pete ya kadibodi, uivishe mshumaa kama kofia, ili uweze kuzima na kubadilisha betri bila kuchana kitu.