Accra mpaka Lomé kwa kupitia Aflao: nyota tatu na nusu, iliyobaki muwaulize vishoka

Kama uko Accra na una siku za ziada, vuka uingie Togo kwa barabara kupitia mpaka wa Aflao, hela ya ndege weka mfukoni. Gari zinatoka stendi ya Tudu katikati ya mji na zinaondoka zikijaa, hamna ratiba hapo usijisumbue kuuliza, ni kama kilomita 200 hivi na unatumia masaa matatu mpaka manne ikitegemea foleni ya Tema imeamkaje. Sogakope, darajani pale mto Volta, wauzaji wanavamia madirisha na mikate, abolo (mkate wa mahindi wa mvuke) na visamaki vya kukaanga, nunua ule, sababu Aflao hutapata hata nafasi ya kufikiria tumbo. Usafiri naupa nne. Moja nimekata kwa ajili ya vizuizi, ukishapita Denu unaonyesha pasipoti mpaka mkono unachoka.

Sasa mpaka wenyewe. Sie tumezoea Namanga na Holili, jengo moja, unagongewa kutoka na kuingia humo humo, umemaliza. Aflao sivyo, unagongewa kutoka upande wa Ghana, unabeba begi lako unatembea, halafu unaanza foleni upya kwa Watogo. Ila umbali ni mdogo mno, na raha yake ni kwamba ukimaliza mihuri tayari uko Lomé, mji mkuu wa nchi upo pale pale mpakani, bahari mkono wa kulia.

Shida ni vishoka jamani. Hujashuka vizuri mmoja ameshadaka begi, mwingine anataka pasipoti eti akujazie fomu, wa tatu ana bunda la faranga anakupigia hesabu haraka haraka. Pasipoti mpe afisa mwenye sare aliyekaa dirishani, basi. Na ukiambiwa kuna ada ambayo haijabandikwa popote, omba risiti kwa upole halafu simama hapo hapo, mara nyingi ada inajifia yenyewe. Simu usiitoe kupiga picha, hapo hawana utani.

Msidanganyike mkiona wenyeji wanapita chap chap, wale ni ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, sisi sio. Viza ya Togo inaombwa mtandaoni kabla, iprinti kabisa, na hakikisha Ghana watakuruhusu kuingia tena ukirudi maana kuna watu wanalisahau hilo wanakwama katikati. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, sio ndani ya begi chini ya viatu.

Hela: faranga CFA, ndo hela ya Togo, imefungwa kwa euro, 655.957 kwa euro moja, kwa hiyo mwenye euro anajua kabisa anapunjwa kiasi gani, mwenye cedi ya Ghana ndo anaumia. Badilisha ya bodaboda tu, nyingine toa ATM mjini (makao makuu ya Ecobank yako Lomé, mashine hutakosa). MoMo, pesa ya simu ya MTN, inaishia Ghana, Togo hawana MTN, kwa hiyo kama pesa yako yote iko kwenye simu imalize mambo yake kabla hujavuka.

Boda wanaziita zem na hizi nazipa tano, wapo kila kona, mnapatana bei kwanza ndo unapanda. Ujue namba za Kifaransa angalau, Warundi na Wakongo hapa mtatamba, sisi wengine tulitumia vidole. Mwambie akupeleke Grand Marché kwa wamama wa vitenge, kanisa kuu lililo pale jirani walijenga Wajerumani, hao hao wa Tanganyika, walikuwa na huku nako mpaka 1914. Chakula agiza akume na samaki, ni ugali ule ule ila pilipili yake haina huruma.

Kurudi vuka asubuhi, ukifika Aflao jioni utakaa usubiri gari ijae halafu Accra unaingia usiku na teksi za usiku zinakukamua.