Kozi ya mtandaoni ya nishati ya myeyungano: nimelipa, nimeuliza, nimezimiwa maiki

Msijiunge. Au ngojeni kwanza nieleze, maana kwa hasira nilizonazo naweza kuwaonea watu.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Mbeya, na kozi hii nimeilipia kwa hela yangu ya mfukoni. Mambo ya ada, cheti na ratiba mtayakuta kwenye tangazo lao. Mimi nina kipindi kimoja tu, kile cha joto.

Mkufunzi akatuambia plazma (gesi iliyopashwa mpaka elektroni zikaachana na atomi) ndani ya tokamaka, ile mashine ya kuunganisha viini vya atomi ili kupata nishati, ni kama chai kwenye chupa: uga wa sumaku ndio chupa, na kazi yake ni kuzuia joto la nyuzi milioni 150 lisifike kwenye kuta. Sawa. Kwa baridi hii ya Uyole, habari za chupa ya chai hunifundishi. Halafu akaweka grafu inayoonyesha kwamba kadiri unavyoongeza nguvu ya kupasha, ndivyo muda wa joto kukaa ndani unavyopungua. Akaipita kama hajaiona. Nikafungua maiki: "Samahani Dokta, hiyo chupa mbona ukiipasha zaidi ndiyo inavuja zaidi?"

Akacheka. "Mwalimu, wewe wa sekondari huko Mbeya, tokamaka unataka ukaiweke wapi?" Akanizimia maiki. Kialama chekundu chenye mstari nilikitazama mpaka kipindi kikaisha, na humo darasani alikuwemo mwanafunzi wangu wa zamani!

Swali lilikuwa la haki kabisa. Wanasayansi walipopiga hesabu kwa kufuata migongano ya chembe peke yake, joto lilitakiwa kutoka taratibu. Kwenye mashine likatoka kwa kasi kuliko hesabu, hasa upande wa elektroni. Anayelipwa kufundisha joto akiliruka hilo, amefundisha nini?

Haya, niwape na haki yao. Usiku msaidizi wake, kijana tu, akanitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mwalimu. Naomba radhi kwa yaliyotokea." Akaeleza vizuri mno. Tofauti ya joto kati ya kitovu na ukingo ikivuka kiwango fulani, msukosuko unaamka, na vizingia vidogo vidogo, yaani mizunguko kama ya maji yanayokorogwa, vinakomba joto na kulipeleka nje. Ukiongeza nguvu, kitovu hakipati joto jingi zaidi. Kinachonenepa ni msukosuko. Akanipeleka Garching, Ujerumani, mwaka 1982, kwa Fritz Wagner na wenzake kwenye mashine ya ASDEX: upashaji ulipovuka kiwango fulani, ukingo wa plazma ukatulia ghafla na joto likakaa ndani kwa muda wa karibu mara mbili. Mitiririko ya pale ukingoni, yenye kasi zinazotofautiana, inavikatakata vizingia kabla havijakua. ITER, tokamaka kubwa ya kimataifa inayojengwa Ufaransa, imesanifiwa kwa kuitegemea hali hiyo. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Kalamu nikaiweka chini, nikarudia kusikiliza.

Sasa nyota ngapi? Nilikuja na moja. Nikimkumbuka yule kijana nasema nne, nikimkumbuka bosi wake narudi kwenye moja, na hiyo moja ni ya grafu. Wakimkabidhi kijana darasa, nalipa tena kesho, na walimu wenzangu wa Iringa nawaita.

Nimewaandikia wanirudishie nusu ya ada. Wamenijibu kwa stika ya mikono iliyokunjwa.