Marumaru nyeupe ya Carrara katika nyumba na duka mjini Goma

Goma ni mji ambao jiwe halitafutwi mbali. Volkano ya Nyiragongo ilipotema moto tarehe 17 Januari 2002, mto wa mawe yaliyoyeyuka ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na yalipopoa watu waliyavunja kwa nyundo wakajengea misingi na kuta za nyua zao. Mwenye nyumba hapa akiamua kuagiza jiwe jeupe kutoka Italia, ilhali jeusi analo mlangoni bure, anapaswa kujua vizuri analitakia kazi gani. Mimi na mume wangu tulifanya uamuzi huo miaka mitatu iliyopita: tulinunua mabamba ya marumaru ya Carrara, mji wa Italia, yenye unene wa sentimita 2, tukayaweka jikoni na bafuni katika nyumba yetu ya mtaa wa Himbi, pamoja na kaunta na kizingiti cha duka letu la vitenge. Jiwe ni moja, limetoka kwa muuzaji mmoja, lakini kila mahali limekuja na habari yake.

Kabla ya kuyaeleza hayo, niseme neno juu ya ununuzi wenyewe, kwa sababu jina peke yake huwachanganya wengi. Ndugu zetu wa Tanzania huita marumaru hata vigae vya kauri vya sakafuni, na hapa kwetu wauzaji wengine huonyesha karo, yaani vigae hivyo, zilizochapwa mistari ya kijivu wakasema ni marumaru, wala si lazima wawe na nia mbaya. Ukiziweka karo kumi kama hizo chini na kuzitazama kwa utulivu, utauona mstari uleule ukijirudia, jambo ambalo jiwe la asili haliwezi kulifanya. Njia ya pili ni kukwaruza kidogo upande wa nyuma kwa msumari, kisha kudondosha siki juu ya unga uliotoka: marumaru halisi itatoa vipovu, kwa kuwa ni chokaa iliyogeuzwa na joto na mgandamizo wa ardhi, lakini kauri haitafanya lolote. Sisi tulifanya hivyo mbele ya muuzaji, naye hakukasirika.

Bei ilikuwa karibu mara tano ya karo nzuri za kauri kwa mita moja ya mraba, pamoja na ukataji wa kingo. Uzito pia si wa kudharau. Bamba la unene huo lina kilo 54 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo sehemu ya jikoni, yenye urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 60, ilikaribia kilo 78, na kabati la mbao tulilokuwa nalo lilibidi liimarishwe kwa vyuma kabla ya vijana wanne kulibeba jiwe hilo na kuliweka juu.

Nianze na dukani, kwa sababu huko sina lawama hata moja juu ya kaunta. Anayeuza vitenge anajua shida ya kaunta ya mbao nyekundu au ya fomaika yenye rangi: kitambaa cha buluu huonekana kimeingia zambarau, na mama mteja hutaka kukitoa nje juani kabla ya kulipa. Juu ya marumaru nyeupe yenye mishipa myepesi ya kijivu kila rangi hukaa kama ilivyo, na mwanga mdogo unaoingia mlangoni huenea hadi nyuma ya duka, hata siku ambazo umeme wa mji umekatika. Kazi ya hapo ni kavu. Hakuna mafuta wala ndimu, na mkasi haukati juu yake bali kandoni. Baada ya miaka mitatu uso wake unang'aa kama siku ya kwanza, na tunaufuta tu kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Wateja huugusa kwa kiganja bila kuambiwa, kwa ule ubaridi wake. Kwa duka la nguo, mapokezi ya hoteli, ofisi au saluni isiyotumia dawa kali juu ya meza, sijaona kitu kinachoipita.

Jikoni ilikuwa kinyume kabisa. Nyumba yetu, kama nyingi za kando ya Ziwa Kivu, hula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na sambaza wa kukaanga bila ndimu hawajakamilika. Katika juma la kwanza nusu ya ndimu ilisahaulika juu ya jiwe usiku kucha, na asubuhi tulikuta duara hafifu lisilong'aa ambalo halikutoka kwa sabuni wala kwa kusugua. Halikuwa doa la rangi. Asidi ya ndimu ilikuwa imeila ile ngozi ya juu ya jiwe, na nyanya, siki na maziwa lala hufanya vivyo hivyo polepole. Mafuta ya mawese yana madhara ya namna nyingine, kwani hayali jiwe bali huzama katika vitundu vyake na kuacha kivuli cha njano. Muuzaji alikuwa ametupa dawa ya kupaka ili kuziba vitundu hivyo, nayo inasaidia kweli dhidi ya mawese ukiyapangusa mapema, lakini hakuna aliyetuambia kwamba dawa hiyo haizuii asidi hata kidogo. Jambo hilo lilipaswa kusemwa kabla ya fedha kutolewa. Sifa moja lazima niitoe: kwa kusukumia chapati sijapata meza bora zaidi, kwa sababu unga haulainiki upesi juu ya jiwe baridi.

Bafuni kosa halikuwa la jiwe bali la mkono. Fundi aliyapandika mabamba ukutani kwa simenti ya kawaida ya kijivu, na baada ya miezi michache unyevu ulipopenya, weupe uligeuka kijivu kwa mabaka kutoka ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Marumaru nyeupe hupitisha kivuli cha kilicho nyuma yake. Inahitaji gundi nyeupe au simenti nyeupe, na tofauti ya gharama ni ndogo ukiilinganisha na mabamba matatu tuliyolazimika kuyabomoa. Tangu yarudiwe hayajabadilika, ila chooni tumeacha kabisa zile dawa kali za kuondoa ukoko, kwa kuwa nazo ni asidi.

Kuhusu sakafu, nasema kama mtu wa Goma: usiweke. Vumbi letu ni basalti iliyosagika, gumu kuliko marumaru, na kila kiatu kinachoingia kutoka njiani hubeba msasa wake. Kizingiti cha duka kilipoteza mng'ao kabla ya mwaka kuisha, kikajaa mikwaruzo myembamba kama nywele. Nje ya nyumba ni vibaya zaidi, kwa maana moshi wa Nyiragongo huipa mvua ya pande hizi asidi, na jiwe lisilostahimili ndimu halitastahimili mvua hiyo miaka nenda rudi. Fundi alitushawishi tumalizie mabaki barazani, tukakataa, na kila nikipita kwenye nyumba moja ya jirani yenye nguzo za marumaru zilizokwisha kuwa na ukavu wa chaki nashukuru tulikataa.

Anayelitaka jikoni kwa vyovyote vile namshauri achukue lenye uso uliosuguliwa bila kung'arishwa, kwani humo alama za asidi hazionekani sana. Kwetu uamuzi umekwisha kufanyika: mwezi ujao bamba la jikoni litang'olewa, lisuguliwe upya na kupelekwa dukani kuirefusha kaunta, na mahali pake tutaweka itale (graniti) nyeusi, ambayo haijali ndimu.