Upatu au mkopo: mtaji wa duka la Kisomali Minneapolis

Wenye maduka wa Kisomali wa Karmel Mall na mtaa wa Cedar-Riverside, mjini Minneapolis, Marekani, hawaishi kubishana: mtaji utoke kwenye upatu, ambao wao huuita ayuuto, au kwenye mkopo?

Kwa gharama, upatu haushindiki. Watu kumi wakichanga dola 500 kila mwezi, kila mmoja kwa zamu yake anabeba dola 5,000, bila riba wala makaratasi. Kwa Mwislamu anayeogopa riba, hilo ni kubwa. Ila zamu yako ikiwa ya tisa na mzigo wa Idi unatakiwa sasa, umekwama. Na aliyekwisha pokea akiacha kuchanga, kinachombana ni wazee na aibu.

Mkopo mdogo wa SBA, wakala wa serikali ya Marekani wa biashara ndogo, unafika dola 50,000, na ukilipa vizuri unajenga rekodi ya kukopesheka. Lakini wataka hesabu zilizoandikwa na mara nyingi dhamana. Muuza baibui mwenye daftari la madeni tu hukwama hapo, na naona inauma, maana biashara yake ni hai.

Unajaza rafu na wenzako unawafahamu? Cheza upatu. Unataka duka la pili? Anza kuandika mauzo leo, kisha ulizia African Development Center, shirika la hapo Minneapolis linalosaidia wafanyabiashara wa Kiafrika, kuhusu mtaji usio na riba.