Raba za Land Cruiser kuukuu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile inayoitwa mkonga, hana shida ya kukosa raba mpya, kwa sababu gari hilo lilianza kuundwa mwaka 1984 na linaundwa hadi leo. Shida yake ni kuchagua, kwani raba ya mlango huuzwa kwa bei tatu katika duka moja, na muuzaji huapa kwamba zote ni sawa. Cha kuuliza kwanza ni aina ya mpira na kitu utakachogusana nacho, iwe ni mafuta, maji au jua; jina lililo kwenye boksi lifuate baadaye.

Nafasi ya kwanza katika matumizi ya fedha ni raba za breki, na hapa ninashauri zile halisi za kiwandani bila kubembeleza bei. Nyingi huundwa kwa mpira wa EPDM, ambao huvumilia vizuri mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 lakini huvimba ukiguswa na oili ya injini, dizeli au grisi ya kawaida. Fundi anayeziosha kwa petroli kabla ya kuzifunga anaziharibu zikiwa bado mpya. Zisafishwe kwa mafuta ya breki yenyewe.

Sili za oili za injini, giaboksi na ekseli zinafuata, na hapa kulipia boksi la Toyota si lazima. Sili kwa kawaida huwa na vipimo vitatu vya milimita, yaani kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa hiyo sili ya kampuni ya NOK ya Japani yenye vipimo na aina ileile ya mpira, iliyokusudiwa shafti izungukayo upande huohuo, inatosha kabisa. Kabla ya kulipa, pitisha ukucha juu ya shafti: ukikwama kwenye mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, sili mpya huenda ikavuja nayo hata ikiwa ya bei gani.

Katika nafasi ya tatu naziweka raba za milango zinazouzwa kwa mita, ambazo wengi huzidharau bila sababu. Nenda dukani na kipande ulichokata kwenye raba ya zamani ili ulinganishe umbo, sehemu ya kushikia bati na ukubwa wa sponji. Ibonye kwa kidole, na ikibaki na shimo iache. Kiungo kiwe chini ya mlango, si juu ambako maji ya mvua hushukia. Raba ya kioo cha mbele ni jambo jingine, kwa sababu pembe zake huundwa tayari, na ya kukata na kuunga huishia kuvuja.

Kuhusu bushi, yaani raba za mviringo kwenye maungio ya springi na fremu, zile za poliyurethani (plastiki ngumu inayonyumbuka) hudumu na hazijali oili, lakini hupitisha mtetemo hadi kwenye usukani na hulia zikikosa grisi yake maalumu. Kwa gari linalobeba mizigo kwenye barabara za changarawe, ningechagua za mpira.

Raba za mtumba nazipa nafasi ya tano, na kwa breki haziruhusiwi kamwe: mpira huzeeka kwa joto na gesi ya ozoni iliyo hewani hata gari likiwa limesimama. Mwisho kabisa ni dawa za kurudisha raba. Gliserini na silikoni husaidia raba ambayo bado ni laini isikauke wala kugandana na bati, ila ufa uliokwisha kutokea hauzibiki. Oili chafu ya injini, inayopakwa ili mnunuzi aone weusi unaong'aa, huivimbisha raba ya mlango na kuilegeza.

Ukinunua za akiba, zifunge kwenye mfuko mweusi bila kuzikunja, na uziweke mbali na jua, mota za umeme na mashine ya kuchomelea, kwa sababu cheche zake huzalisha ozoni.