Watangazaji wa hoki ya barafuni: tathmini ya msikilizaji aliyelelewa na redio

Kila mwaka ifikapo Oktoba, msimu wa hoki ya barafuni unapofunguliwa, ugomvi wa mashabiki hapa Toronto kuhusu watangazaji huanza mapema kuliko ugomvi kuhusu wachezaji. Huyu anapiga kelele mno, yule ana upendeleo, mwingine amezeeka na anachanganya majina, na yupo ambaye kosa lake pekee ni kwamba si yule wa zamani. Kwa kuwa nimekuwa nikilipia huduma ya kutazama mechi hizi kwa misimu kadhaa, na kwa kuwa sauti ya mtangazaji ni sehemu ya kile ninachokilipia, nimeona niipime kama mtu anavyopima bidhaa yoyote aliyoitolea fedha yake.

Kipimo changu nimekuja nacho kutoka Tanga. Nyumbani kwetu redio ilikuwa ikinasa Radio Tanzania na Sauti ya Kenya, na marehemu mjomba wangu, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena, alisikiliza kandanda akiwa ameinamisha kichwa hadi sikio linakaribia kugusa spika. Siku Leonard Mambo Mbotela alipokuwa akitangaza, mjomba hakusema neno mpaka mapumziko. Alipotangaza mtu asiye mahiri, hakulalamika wala kutukana, aliuliza tu, "Mpira uko wapi? Uko kwa nani?" na sisi watoto, ambao tulikuwa tunasikia redio ileile, tulikuwa hatujui. Wakanada wengi humpima mtangazaji kwa kumlinganisha na sauti waliyoisikia utotoni, sebuleni kwa baba zao, usiku wa Jumamosi. Mimi sina sauti hiyo katika mchezo huu, kwa hiyo nabaki na maswali mawili ya mjomba.

Mchezo wenyewe haumrahisishii mtangazaji kazi. Uwanja wa NHL, ile ligi kuu ya Marekani na Kanada, una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, na umezungukwa na ukuta, hivyo ni adimu ile nafuu ya mpira kutoka nje na mtangazaji kupata pa kumeza mate. Wachezaji hubadilishana wakati mchezo ukiendelea, wakikaa uwanjani chini ya dakika moja kisha kurukia benchi, na wanaoingia huwa tayari wanakimbia. Kinachogombewa ni kisahani cheusi cha mpira mgumu, chenye kipenyo cha inchi 3 na unene wa inchi 1, ambacho wenyewe hukiita paki, na shuti kali huweza kukipeleka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Ongeza majina ya Kifini, Kirusi, Kicheki na Kifaransa cha Quebec, yote yakipaswa kutamkwa sawasawa ndani ya sekunde moja, ndipo utaelewa kwa nini wanaoiweza kazi hii kweli ni wachache.

Aliyeifungua njia ni Foster Hewitt, aliyeanza kutangaza hoki redioni hapahapa Toronto mwaka 1923, na ambaye kauli yake ya "Anapiga, anafunga!" imekuwa ya kila mtoto anayechezea gongo mtaani. Kanda zake za zamani zina heshima yake, lakini anayezisikiliza leo kwa starehe ni mtu mwenye subira kuliko mimi. Ninayetaka kukaa naye ni Bob Cole.

Cole alizaliwa mwaka 1933 huko St. John's, Newfoundland, na alifariki Aprili 2024. Alitangaza hoki ya kitaifa kuanzia mwaka 1969 hadi mechi yake ya mwisho ya Aprili 6, 2019, Toronto ilipocheza Montreal. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mwaka 1956, akiwa kijana, alimpelekea Hewitt kanda ya sauti yake, na mzee huyo akamweleza jinsi sauti inavyopaswa kupanda na kushuka pamoja na mchezo. Somo hilo linasikika katika kila kanda yake. Sikiliza fainali ya Olimpiki ya Salt Lake City ya mwaka 2002, Kanada dhidi ya Marekani, dakika za mwishoni Joe Sakic anapochukua paki na kuelekea golini: sauti ya Cole inaanza kupanda kabla shuti halijapigwa, kama mtu anayeona gari likija kwenye kona kabla wenzake hawajasikia honi. Likishaingia bao la tano anasema kwa furaha kwamba sasa hakika mambo yamekwisha, kisha anawaachia watu uwanjani wapige kelele zao. Kunyamaza huko nako ni utangazaji, na ni jambo ambalo wengi wa leo hawajajifunza. Mwaka 1976, timu ya Jeshi Jekundu la Moscow ilipotoka uwanjani Philadelphia kwa hasira katikati ya mechi, hakutafuta maneno makubwa. Alirudia tu kwamba wanakwenda zao nyumbani, wanakwenda zao, na kila aliyesikiliza akaliona benchi tupu.

Lakini haki itendeke. Katika misimu yake ya mwisho Cole alikuwa akichanganya majina, na pengine aliacha kuyataja kabisa. Mashabiki waligawanyika, wengine wakidai astaafishwe, wengine wakiona ni dhambi kulitamka hilo. Jirani yangu wa ghorofani, mzee wa Newfoundland ambaye humtetea Cole kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, aliniambia: "Majina nayajua mwenyewe. Yeye aniambie tu hatari iko wapi." Nilimjibu kwa adabu kwamba yeye ana macho na ana televisheni. Kwa kipimo cha mjomba, Cole wa uzeeni alifaulu swali la kwanza akaanguka la pili, nami sioni kwa nini mapenzi yafiche jambo hilo.

Upande wa Marekani, anayezua mjadala wa aina nyingine ni Mike Emrick, mwenye shahada ya udaktari wa falsafa, aliyestaafu Oktoba 2020. Katika mechi ya Marekani na Kanada ya Olimpiki ya mwaka 2014, walijitokeza watu wakahesabu vitenzi alivyotumia kueleza mwendo wa paki, wakapata 153. Wanaompinga wanasema huko ni kujionyesha, na kwamba mtu aliye mbele ya picha hahitaji kuelezwa kila mguso. Kwangu mimi, mtu wa Kiswahili, hilo lilikuwa tamu kupita kiasi, maana nilijikuta nikimtafsiri kimoyomoyo: kaisukuma, kaichopoa, kaipenyeza, kaibetua, kaiparaza, kaifyatua. Kila kitenzi kilikuwa na mkono wa mtu ndani yake. Nakubali kwamba kwenye televisheni alizidisha, tena akiwa na mchambuzi pembeni alikuwa akimwachia upenyo mdogo tu. Redioni, mjomba asingeuliza swali hata moja usiku kucha.

Malalamiko makubwa kuliko yote, hata hivyo, ni juu ya upendeleo. Timu karibu zote 32 za ligi hii zina watangazaji wao, mbali na wale wa kitaifa, na huduma ya intaneti mara nyingi humruhusu mteja achague sauti ya wenyeji au ya wageni. Mtangazaji wa timu hatarajiwi kuficha mapenzi yake. Kinachobishaniwa ni kiasi. Jack Edwards, aliyetangaza mechi za Boston Bruins kwenye televisheni kuanzia mwaka 2005 hadi 2024, alipendwa sana kwao na kuchukiwa kwingineko, kwa sababu kila aliyemgusa mchezaji wa Boston alionekana kama mhalifu aliyepaswa kushitakiwa. Mimi pia alinichosha. Katika msimu wake wa mwisho usemi wake ulipungua kasi, na mzaha aliofanyiwa mitandaoni na watu wasiomjua ulinichosha zaidi kuliko yeye.

Sasa mlinganishe na Rick Jeanneret wa Buffalo Sabres, aliyetangaza tangu mwaka 1971 hadi 2022 na kufariki Agosti 2023. Naye alikuwa na upendeleo wa wazi, tena wa kupiga mayowe, lakini sijakutana na shabiki wa timu pinzani anayemchukia. Aprili 24, 1993, katika muda wa nyongeza, mchezaji Brad May aliwazunguka wapinzani na kuifungia Buffalo bao lililoitoa Boston, ushindi wao wa kwanza wa raundi ya mtoano katika miaka kumi, na Jeanneret akalichukua jina la mfungaji akaligeuza kuwa ule wito wa meli inayozama, "May Day!", akiurudia mpaka sauti ikakauka. Sijui kama aliufikiria kabla. Unasikika kama ulimtoka tu. Tofauti ya wawili hawa, kwa masikio yangu, ni kwamba Jeanneret alikuwa akishangilia bao na Edwards alikuwa akigombana na mtu. Mgeni anaweza kujiunga na kushangilia, ila ugomvi wa familia nyingine humfanya atafute viatu vyake.

Nimeacha mwishoni yule aliyenifurahisha kuliko wote, nami lugha yake siijui. Ghalani ninakofanya kazi, Brampton, wenzangu wengi ni Wapunjabi, na wao ndio walionionyesha matangazo ya hoki kwa Kipunjabi yaliyoanza mwaka 2008, ambayo sauti yake kuu ilikuwa Harnarayan Singh. Paki wanaiita tikki, yaani kile kitafunwa cha viazi cha duara bapa; ukikiona sahanini huhitaji kuelezwa zaidi. Mei 30, 2016, katika mechi ya kwanza ya fainali, Nick Bonino alipoifungia Pittsburgh bao la ushindi zikiwa zimesalia dakika chache, Singh alilirudia jina hilo mfululizo, Bonino, Bonino, Bonino, kwa pumzi moja, kama muuza samaki anayenadi changu wa mwisho. Mji mzima wa Pittsburgh ukaipenda kanda ile, na timu ilipotwaa kombe watangazaji hao wa Kipunjabi wakaalikwa kwenye sherehe. Siku hizi Singh anatangaza pia kwa Kiingereza, na ni mzuri, ingawa wenzangu wanasema amepunguza chumvi. Nimewaza mara nyingi paki ingeitwaje kwa Kiswahili. Wale vijana wa Nairobi wanaocheza kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, wana haki ya kuamua kabla yangu, lakini mimi nikimsimulia mama kwa simu huiita kitumbua, naye hunielewa.

Kuhusu wanawake katika kazi hii nitasema machache, kwa sababu mjadala wenyewe hauna kina. Leah Hextall alipoajiriwa na ESPN, kituo cha michezo cha Marekani, mwaka 2021 kutangaza mechi za kitaifa, alimiminiwa matusi ambayo mwanamume mwenye makosa yaleyale hayapati. Nilimsikiliza kwa kipimo changu cha kawaida: majina anayataja vizuri, sauti inapanda mapema mno wakati mwingine. Sisi tuliomsikia Halima Mchuka akitangaza kandanda Radio Tanzania hatuwezi kujifanya kushangaa sauti ya mwanamke kwenye mpira.

Kwa anayetaka kuanza leo, ushauri wangu ni huu. Kwenye televisheni mchague Chris Cuthbert kila anapopatikana, yule aliyelitangaza bao la dhahabu la Sidney Crosby kwenye Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010. Anataja jina, mahali na mwelekeo kwa mpangilio usioyumba, na anajua kunyamaza. Mechi anazotangaza John Forslund nazo hazina aibu. Redioni, hapa Toronto, kipimo ni Joe Bowen, aliyekuwa na timu ya Maple Leafs tangu mwaka 1982 hadi msimu wa 2025-26; ijapokuwa upendeleo wake haukujificha, ukifumba macho ulikuwa unaona uwanja wote.

Lawama zilizobaki si za watangazaji bali za wanaowalipa. Tangu Ontario ifungue soko la kamari za mtandaoni Aprili 2022, uwiano wa dau unaingizwa katikati ya mazungumzo kama mgeni asiyebisha hodi. Ile desturi iliyozuka wakati wa janga la korona, ya kuwaweka watangazaji studioni watazame mechi kwenye skrini, ilionyesha jinsi macho ya uwanjani yalivyo na thamani: mtangazaji hawezi kukuambia nani anaingia kutoka benchi ikiwa kamera haijamwonyesha. Na kampuni ninayoilipa mimi kwa ajili ya intaneti inachelewesha picha kwa karibu nusu dakika nyuma ya redio, kiasi kwamba mzee wa Newfoundland hushangilia ukutani kwangu wakati kwenye skrini yangu paki bado iko upande wa pili.

Nimewaandikia mara mbili. Walinijibu kwa shukrani. Kwa sasa nimezima sauti ya televisheni, nimeweka redio mezani, na ucheleweshaji huo nimeugeuza kuwa mtihani: kwanza namsikia mtangazaji akiniambia paki iko wapi na iko kwa nani, kisha nainua macho kusubiri picha ifike, na usiku ulio mwema picha ikifika, paki ipo palepale nilipoambiwa.